Raha ya Kivuli na Dhima Yake

Ndugu zetu wengine hudhani kuwa mtu aendaye msituni au ufuoni kupunga upepo amekwenda kupoteza wakati wake, na kwamba kama ataka thawabu na abaki darasani. Wengine, nao ndio wengi zaidi, husema siku ya mapumziko ni ya kustarehe tu, na kutunza miti ni kazi ya Serikali na ya wageni wenye darubini. Sisi twaona makundi yote mawili yamekosa kosa moja: yameitenga raha na wajibu kana kwamba viwili hivi havikai nyumba moja.

Tulikwenda Gede na jamaa wa darasa letu. Tulianza kwenye magofu, tukasimama mbele ya mihrabu ya Msikiti Mkuu, tukatazama kisima chake, kisha tukaliona kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399 Miladia. Mji ule ulihamwa mapema katika karne ya 17, na miti ikaota ndani ya vyumba vya watu. Mwaka 1927 Serikali ilipatangaza mahali pale kuwa pa kuhifadhiwa, na tangu 1948 James Kirkman alipafukua. Lakini kabla ya sheria hizo, ni nini kilicholizuia shoka? Watu wa pale walihofu mizimu ya wenye mji.

Hapa yatupasa tukiri jambo chungu. Sisi twafundisha, na ni haki, kuwa hofu ya mizimu ni upotofu. Lakini hofu ile batili ilisaidia kuiacha miti imesimama. Na itikadi yetu sahihi, mchana ule ule, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, iliacha chini ya mti maganda, majivu na chupa za plastiki, ingawa chupa hizo zimekatazwa misituni tangu 5 Juni 2020. Mtume (S.A.W.) amemkataza mtu kujisaidia katika njia ya watu au katika kivuli chao. Basi aachaye uchafu wa namna nyingine kivulini hapo ana hoja gani?

Tuliporudi kuziokota, ndugu mmoja akauliza: mwenye kufanya kazi hii huku akifurahia upepo na sauti za ndege, je, nia yake haikuchanganyika na matamanio ya nafsi? Swali ni zuri. Twajibu kuwa mwenye kufunga hufuturu kwa tende tamu, wala utamu wake haumpunguzii saumu. Raha haiharibu amali. Kinachoiharibu raha ni kulipiwa na mtu mwingine.

Na msitu ule una wanaoulipia. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita 420 za mraba, nasi twaingia kwa saa mbili kisha twarudi mjini. Lakini wanaoishi kandoni mwake hukatazwa kukata miti, na wameijua taabu ya tembo mashambani. Kwa sababu hiyo tulipendezwa na mradi wa Kipepeo ulioanzishwa hapo Gede mwaka 1993. Wakulima hufuga viwavi majumbani mwao na kuvilisha majani ya miti ya msituni, mpaka vijifunge katika magamba yao. Magamba hayo hununuliwa na kupelekwa Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Mti ukikatwa, kipepeo hana pa kutaga, na mkulima hana cha kuuza. Kadhalika huko Mida, watembezi hulipa ada wapite juu ya daraja la mbao lililotundikwa katikati ya mikoko, na fedha hizo husaidia karo za watoto wa jirani na msitu katika shule za sekondari. Mtu apunga upepo wa hori, na mtoto wa mwenziwe asoma. Sisi hatujui matembezi yaliyo bora kuliko hayo.

Limebaki jambo moja ambalo hatukulimaliza. Nyama tuliyokula siku ile ilichomwa kwa makaa ya gunia tulilolinunua njiani, nalo lilikuwa rahisi sana. Hakuna aliyemuuliza muuzaji mti ulitoka wapi. Tulimpa bei, tukapakia gunia, tukaenda kuusifu msitu! Wengine wamesema si juu ya mnunuzi kuchunguza. Wengine wamesema urahisi ule peke yake ulikuwa ushahidi. Sisi twaelekea kwenye kauli ya pili, na twawaomba wasomaji watuandikie rai zao, hasa wenye mikahawa, kwani jikoni kwao huingia magunia mengi kuliko kwetu.

Safari ya pili itakuwa ya Mida, Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. Nauli na ada ya daraja zitakusanywa darasani. Maji na yachukuliwe katika vyombo vya kurudi navyo, na chakula kipikwe nyumbani.