Jina la Kitongoji na Heshima ya Babu

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Methali hii twaifundisha shuleni na twaitamka mikutanoni, kana kwamba maana yake imekwisha kupimwa yote. Lakini liko swali moja ambalo methali hailijibu: mtu aliyeifuata asili yake hadi mwanzo, akamkuta huko babu aliyekuwa mtumwa, afanye nini? Aseme, au anyamaze?

Nchini mwetu viko vitongoji vingi ambavyo majina yake huanza na "Kwa". Msafiri wa zamani aliulizwa atalala wapi, akajibu, "Kwa fulani." Fulani akafa, nyumba yake ikabomoka, jina likabaki. Ukoo wake hujivunia jina hilo, na pengine huona kwamba linaupa haki ya kutangulia kusema katika mashauri ya ardhi. Hapo ndipo habari za babu zinapoanza kupambwa.

Tutazame mfano wa Kwamtoro, katika Wilaya ya Chemba, Mkoa wa Dodoma. Hiyo ni nchi ya Wasandawe, watu ambao lugha yao ina sauti za kidoko na si ya Kibantu. Hata hivyo jina la mahali ni la Kiswahili. Mtoro ni mtu aliyetoroka, hasa mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Lakini Mtoro vilevile ni jina ambalo wazazi wa pwani walimpa mtoto wao. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, hakuwa mtoro wa mtu yeyote. Kwa hiyo jina peke yake halitoshi kumhukumu babu, wala halitoshi kumtukuza. Hapana budi kuuliza.

Na watoro walikuwapo kweli. Katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa. Wako waliotoroka wakajijengea makazi yao mbali na mabwana. Katika Tanganyika hali ya utumwa ilifutwa kwa sheria mwaka 1922 tu. Si ajabu, basi, kwamba siri hizi bado zina wenyewe.

Zamani, tukiwa katika kazi ya serikali wilayani, tuliketi chini ya mwembe wa kitongoji kimoja ambacho hatutakitaja. Mzee wa ukoo alitueleza kwamba babu mwenye jina alikuwa mwindaji shujaa, aliyefika na mkuki na mbwa wake. Tukaandika. Jioni dada yake, bibi mkongwe, alituita kando akasema, "Wanangu, mkuki hakuwa nao. Alifika na kovu la mnyororo mguuni, na watu wa bibi yetu ndio waliompa jembe." Tukamwuliza kwa nini hakusema mbele ya watu. Akajibu, "Kaka yangu ana wajukuu wa kuoza."

Wako watakaosema kwamba aibu ya wafu na izikwe pamoja nao. Hoja hiyo ina huruma, nasi hatuidharau. Lakini aibu ya mnyororo ni ya nani: ya aliyefungwa, au ya aliyefunga? Tukilificha kovu la babu, twakubaliana na bwana wake kwamba mtumwa si mtu wa kutajwa. Tena twawazika mara ya pili wale waliompokea mgeni mikono mitupu wakampa jembe, ambao jina lao halikubaki popote.

Masimulizi ya Usambaa, aliyoyaandika Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, husema wazi kwamba Mbegha, chimbuko la watawala wa nchi ile, aliihama nchi ya Ngulu baada ya kukataliwa na jamaa zake, kwa kuwa alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Ikiwa wafalme hawakuona haya kusema kwamba babu yao alikimbia kwao, mkulima wa kitongoji aone haya kwa nini?

Basi mwalimu awatumapo wanafunzi kutafuta asili ya jina, awaambie waulize koo zaidi ya moja, wasiwasahau akina bibi, na waulize pia ni nani aliyempokea babu. Lakini ukweli nao una adabu yake: kabla ya kuutangaza, aombwe ruhusa yule anayeguswa nao. Ndiyo sababu tumekificha kitongoji kile, ingawa kovu hatukulificha.

Mwacha asili ni mtumwa, hatukanushi. Lakini mtu aliyeuacha utumwa, akafyeka msitu, akazaa na kupokea wageni hata mahali pakaitwa kwake, huyo hakuiacha asili. Aliianzisha.