Kuku wa Mtoto ni wa Nani?



Suala tunalotaka kulizungumza leo ni dogo kwa umbo, na huenda ukalicheka. Nalo ni hili: mzazi akimwambia mtoto wake mdogo, "Huyu kuku ni wako", kisha akaja mgeni na kuku yule akachinjwa, je, pana kosa lililotendeka? Na kama lipo, ni kosa gani? Ni dhuluma? Ni uwongo? Au si chochote, kwa kuwa mtoto mwenyewe ni wa baba yake?

Hapa kwetu Mdandu, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Njombe, nyumba nyingi zalijua jambo hili. Mtoto hupewa kifaranga akaambiwa ni chake. Humtilia chenga za mahindi, humchotea maji katika kifuniko cha kopo, na jioni humfunika kwa tenga karibu na jiko, maana baridi yetu ya Juni na Julai haimhurumii kifaranga. Humpa jina. Mtoto asiye na gari la dukani wala mwanasesere, huyo kuku ndiye mchezo wake, ndiye mali yake, na ndiye rafiki yake. Akirudi shule humtazama kwanza yeye kabla ya kutazama sufuria. Kisha siku moja anarudi, anakuta manyoya nyuma ya jiko. Akilia huambiwa, "Nyamaza, kuku tu huyo! Utapata mwingine." Na huyo mwingine haonekani.

Basi tulitazame jambo hili kwa utulivu, kipande kwa kipande.

Kwanza, tujiulize: je, kitu akipendacho mtoto kina thamani yoyote, au ni upuuzi wa kitoto usiostahiki kushughulisha akili ya mtu mzima? Jibu la suala hili tunalipata Madina. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na ndugu yake mdogo aliyeitwa Abu Umayr, mtoto ambaye hajapita sana umri wa kuachishwa ziwa. Alikuwa na kijindege akichezacho. Kijindege kikafa. Mtume (S.A.W.) alipofika nyumbani kwao akamwona mtoto ana huzuni, akauliza ana nini, akaelezwa. Basi akamgeukia mtoto mwenyewe, akamwita kwa lile jina la heshima, kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza habari za kijindege chake. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Tazama, msomaji. Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, ana wahyi unaomshukia, ana umma mzima mabegani mwake, naye anapata nafasi ya kumpa mkono wa pole mtoto aliyefiwa na ndege. Hakumwambia, "Ndege tu huyo." Wanavyuoni wetu waliielewa hadithi hii kuwa ni nzito. Ibnul Qaass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliitungia risala nzima, akatoa ndani yake mafunzo yapatayo 60. Hadithi moja fupi juu ya kindege cha mtoto, mafunzo 60! Na sisi twaona kuku wa mtoto si jambo la kuzungumzwa.

Tena Bibi Aisha (R.A.) alipokuwa mdogo alikuwa na wanasesere, na Mtume (S.A.W.) alimwona navyo, akawaacha wenzake waje kucheza naye. Na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), ameandika katika Ihyaa kwamba mtoto baada ya kutoka chuoni apewe ruhusa ya kucheza mchezo mzuri, kwani kumzuia kucheza na kumbana kwa masomo siku zote kunaufisha moyo wake na kuizima akili yake. Na sheria ya nchi yetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, imetaja heshima na mapumziko miongoni mwa haki za mtoto. Basi akipendacho mtoto kina thamani, kwa sababu mwenye kukipenda ana thamani.

Pili, tutazame umiliki. Wako wazazi watakaotujibu haraka: "Sheikh, Mtume amesema mtoto na mali yake ni vya baba yake." Ni kweli, hadithi ya maana hiyo ipo, ameipokea Ibn Majah. Lakini wanavyuoni walio wengi hawakuifahamu kuwa baba ndiye mmiliki wa kila alicho nacho mwanawe. Wameifahamu kuwa ni wema na msaada: baba akihitaji, ana haki ya kutunzwa na mwanawe. Na hoja yao ni nyepesi kuielewa hata kwa asiyesoma sana. Katika aya ya mirathi, Sura ya Nisaa, mtu akifa akaacha mtoto, baba yake na mama yake kila mmoja hupata sudusi, yaani fungu moja katika sita. Lau mali ya mwana ingekuwa yote ni ya baba, pangekuwa na haja gani ya kumkatia baba sudusi katika mali yake mwenyewe? Mtu harithi kilicho chake.

Lakini haki lazima tuiseme yote, hata ile inayompa nguvu mwenye kutupinga. Katika madhehebu yetu ya Shafii, baba aliyempa mwanawe kitu anaruhusiwa kukirejesha, madhali kingali katika milki ya mtoto, ingawa kwa asiyekuwa mzazi jambo hilo ni haramu. Basi je, mzazi ameshinda? Ngoja kwanza. Wanavyuoni hao hao wamesema kurejesha bila sababu ni makuruhu. Na wamesema jambo jingine ambalo wafugaji wa kuku inawapasa walisikilize vizuri: kilichompa mtoto kikizaa, kile kilichozaliwa kikajitenga ni cha mtoto, hakirudi. Kwa hiyo, ikiwa hiba ilitimia kwa masharti yake, huyo baba anaweza kumrejesha tetea, lakini vifaranga kumi vinavyomfuata huyo tetea ni mali ya mtoto, na baba ni mlinzi tu wa mali hiyo. Akivila kwa starehe zake, amekula mali ya mtu asiyeweza kumshitaki.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito hasa: uwongo. Tuseme baba anayo haki ya kumrejesha kuku. Je, anayo haki ya kusema "ni wako" hali moyoni mwake anajua kwamba akifika mgeni atamchinja? Kurejesha ulichotoa kweli ni jambo moja. Kusema umetoa na hali hukutoa ni jambo jingine.

Na kuku ni mfano tu, ndugu yangu. Maneno ya namna hii yamejaa majumbani mwetu tangu alfajiri hadi usiku. Mama anakwenda Makambako sokoni, mtoto anamng'ang'ania kitenge. "Niache, nitakuletea mandazi na pipi." Mtoto anakaa barazani mchana kutwa akihesabu magari yapitayo, mama anarudi mkono mtupu. Baba anaombwa simu mtoto atazame katuni, anasema, "Simu imekwisha chaji", na hapo hapo simu inalia mfukoni. Mtoto anapelekwa kudungwa sindano, anaambiwa, "Haiumi hata kidogo." Asiyetaka kulala anatishwa kwa zimwi, au kwa askari, au kwa mwalimu wake. Kila mmoja katika hawa ukimwita mwongo atakasirika kweli kweli. Atasema, "Nilikuwa nambembeleza mtoto."

Abdullah bin Aamir (R.A.) amesimulia kwamba alipokuwa mdogo mama yake alimwita aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) yumo nyumbani mwao. Mtume akamwuliza yule mama alikusudia kumpa nini. Akajibu: tende. Akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Angalia vile ilivyokuwa: kitu chenyewe ni tende, mwenye kuahidiwa ni mtoto, na ahadi ilikuwa ya kumwita tu. Hata hivyo hesabu yake yaandikwa.

Atasema mtu: "Lakini dini imeruhusu uwongo mahali pengine." Ndiyo. Katika hadithi yametajwa vita, kusuluhisha waliogombana, na maneno baina ya mume na mke. Mtoto hakutajwa. Na sitaki kukuficha kwamba Imam Ghazali mwenyewe amesema mtoto asiyekubali kwenda chuoni ila kwa ahadi au kitisho kisicho kweli, yaruhusika kumfanyia hivyo. Lakini soma mpaka mwisho: ameongeza kuwa hata uwongo huo wa ruhusa huandikwa, na mwenye kuusema ataulizwa juu ya nia yake, na kwamba hapo pana hadaa kubwa, maana huenda kilichomsukuma mtu ni raha ya nafsi yake, naye akajidai kuwa ni maslahi. Basi jiulize, msomaji: uliposema simu imekwisha chaji, yalikuwa ni maslahi ya mtoto, au ulitaka tu akuondokee? Ungeweza kusema, "Leo sikupi, macho yako yapumzike." Angelia. Lakini angelilia neno la kweli.

Wengine husema, "Watoto husahau." Mimi nakuuliza wewe uliye mtu mzima: hukumbuki hata ahadi moja uliyopewa ulipokuwa na miaka sita au saba, isitimizwe? Yawezekana umesahau sura ya babu yako, lakini hiyo ahadi unaikumbuka.

Na dhara lake haliishii kwenye kuku. Fikiri haya. Mtoto hajapata kuiona Pepo wala Moto. Hajawaona Malaika. Habari zote hizi za ghaibu anazipokea kwanza kwa mdomo wa baba na mama, naye anaziamini kwa kuwa anawaamini wao. Mdomo huo huo ndio unaosema, "Nitakuletea", na hauleti. "Ni wako", na si wake. "Haiumi", na inauma. Je, huyu mtoto apime kwa kipimo gani, ajue kwamba neno hili la baba ni la kweli na lile ni la kubembelezea? Sisi walimu tunaletewa watoto chuoni tuwafundishe ukweli na amana. Tunawafundisha jioni, nao usiku wanarudi nyumbani wakafundishwa kinyume chake na watu wawapendao kuliko sisi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kisha mzazi anakuja kulalamika: "Sheikh, mwanangu amekuwa mwongo, sijui ameyatoa wapi."

Nne, udhuru wa umaskini. Huu ni udhuru wa haki na haifai kuupuuza. Nyumba haina kitu, mtoto mwenyewe anaumwa, au anatakiwa daftari na sare, na kitu pekee kiuzikacho ni yule kuku. Hapa fikihi haimfungii mzazi mlango: mtoto mwenye mali yake, matumizi yake yaweza kutoka katika mali hiyo. Na hata mgeni, kumkirimu ni sehemu ya imani. Lakini umaskini unakuruhusu kuuza kuku; haukulazimishi kudanganya. Mwite mtoto, mkalishe, umwambie: "Mwanangu, kuku wako tunamhitaji kwa jambo hili na hili. Nakukopa. Tukivuna alizeti nitakununulia mwingine." Atahuzunika. Mwache ahuzunike, umpe pole kama alivyopewa Abu Umayr. Kisha ulipe, kwani ahadi ni deni, na mdai huyu hana wa kumpeleka baraza la kata kukudai.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tushike mambo haya machache. Usimpe mtoto kwa ulimi kile ambacho moyo wako haujakitoa. Sema, "Huyu kuku ni wetu, wewe ndiwe mlezi wake", nayo ni heshima tosha kwake. Ukiahidi, ahidi kidogo, na useme Inshaallah ukikusudia kutimiza, maana wengi wetu tumeligeuza neno hilo tukufu kuwa jina jingine la "hapana", na watoto wameshalifahamu hivyo. Ukishindwa, mwambie umeshindwa kabla hajakuuliza. Na ukiwapa, wape kwa uadilifu: Nuuman bin Bashir (R.A.) alipopewa zawadi na baba yake peke yake, Mtume (S.A.W.) alikataa kuishuhudia, akaamrisha watu wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Usimpe mmoja tetea na mwenziwe ukampa unyoya.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) azisafishe ndimi zetu majumbani kabla ya misikitini, awafanye watoto wetu wawe kitulizo cha macho yetu, na atusamehe tulizowaahidi tukasahau, na atuwezeshe kuzilipa zile ambazo bado wanazikumbuka. Amin.

Wallahu aalam.