Ankara ya Pili

Anayeagiza spika na miksa kutoka Guangzhou au Dubai si ajabu aulizwe na muuzaji mwenyewe: kwenye ankara tuandike bei gani? Huulizwa kwa upole, kama sehemu ya huduma kwa mteja, na mara nyingi anayeulizwa ni mtu wa ibada, katibu wa kwaya au mjumbe wa kamati ya msikiti. Utamu wa swali umo katika hesabu. Tuseme mzigo, pamoja na bima na nauli hadi bandari ya Dar es Salaam, una thamani ya dola 10,000. Kwa viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki bidhaa iliyokamilika kwa kawaida hutozwa ushuru wa asilimia 25, nazo ni dola 2,500. Juu ya jumla hiyo ya 12,500 huja VAT, asilimia 18 Tanzania Bara, dola 2,250 nyingine. Kabla ya tozo ndogondogo, mwenye mzigo anadaiwa dola 4,750. Ankara ya pili, iliyoandikwa kwa ajili ya forodha tu, ikisema mzigo una thamani ya dola 3,000, deni hushuka hadi 1,425. Tena mfanyabiashara aliyesajiliwa huweza kukata VAT aliyolipia mzigo katika ile anayowatoza wateja wake. Kanisa au msikiti, kwa kuwa ni mtumiaji wa mwisho, halina pa kuikatia. Ndiyo maana kishawishi ni kikubwa zaidi kwa wale wanaotazamiwa kukishinda.

Mjadala wa dini kuhusu jambo hili huanzia kwa serikali: je, ina haki ya kuchukua? Wakristo hurejea sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, ambamo Paulo anataja kodi na ushuru kuwa ni haki ya wanaozidai. Waislamu wana mjadala mgumu zaidi, kwa sababu ipo hadithi katika mkusanyiko wa Abu Daudi inayomtishia mtoza ushuru kukosa Pepo, na wapo wanaoichukua kuwa hukumu juu ya kila forodha duniani. Lakini Abu Yusuf, kadhi wa Harun al-Rashid, ameeleza katika kitabu chake cha kodi jinsi Khalifa Umar alivyoweka ushuru wa wafanyabiashara: asilimia 2.5 kwa Mwislamu, 5 kwa asiye Mwislamu aliye raia wa dola, 10 kwa mgeni aliyetoka nje. Wanazuoni wa baadaye, Ghazali na Shatibi miongoni mwao, walikubali kwamba hazina ikiwa tupu na haja ikiwa ya kweli, mtawala mwadilifu anaweza kuwatoza wenye mali zaidi ya zaka. Kwa hiyo kinachobishaniwa hasa ni uadilifu wa kutoza, na pwani yetu inajua utozaji wa namna nyingine. Forodha ya Zanzibar katika karne ya 19 ilikodishwa kwa matajiri kama Jairam Shivji. Mkodishwaji alimlipa Sultani kiasi walichokubaliana kwa mwaka, na kilichozidi kilikuwa chake. Mtu anayeona kwamba forodha ya leo haitofautiani sana na ile ana haki ya kusema hivyo, na hoja yangu haihitaji kumshinda.

Nasema hivyo kwa sababu hata tukimkubalia kwamba ushuru wote ni dhuluma, ankara ya pili bado haijahalalika. Kutolipa na kutoa ushahidi wa uongo ni matendo mawili. Hati inayowasilishwa forodhani ni tamko la mtu mmoja kwamba alimlipa mtu mwingine kiasi fulani, tarehe fulani, kwa kitu fulani, na tamko hilo ni la kweli au la uongo bila kujali fedha zitakwenda wapi. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo haikuweka sharti kwamba anayesikiliza awe mwadilifu, na Qur'ani inaitaja kauli ya uongo sambamba na uchafu wa masanamu. Ilikuwapo katika Ulaya, kuanzia karne ya 16, nadharia ya wanateolojia Wakatoliki waliosema kwamba baadhi ya sheria hazifungi dhamiri: raia anaweza kuzivunja mradi akikamatwa akubali adhabu, na ushuru wa forodha ulikuwa mfano wao maarufu. Nadharia hiyo ina uzito wake. Lakini ilihusu wajibu wa kulipa, nayo inamfaa anayesema waziwazi "silipi" na kusubiri. Mwenye ankara mbili hasubiri adhabu. Ametengeneza karatasi ili adhabu isimpate kamwe.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya fikihi yenyewe. Mwanazuoni Nawawi, akimfuata Ghazali, anafundisha kwamba dhalimu akimtafuta mtu ili amuue, au akitaka kupora amana, kumdanganya dhalimu huyo kunaruhusiwa, pengine ni wajibu. Basi kwa nini isiruhusiwe kumdanganya afisa wa forodha? Ukisoma mafundisho hayo kwa makini utaona yamefungwa na masharti: lengo liwe jema, na lisiwe na njia nyingine ya kulifikia isipokuwa uongo. Spika za inchi 18 haziko katika hali hiyo. Zinaweza kununuliwa chache, zinaweza kuahirishwa, zinaweza kununuliwa hapa nchini kwa aliyekwisha kuzilipia. Tena uongo wa kumficha mkimbizi haumwangukii mtu wa tatu, lakini huu unamwangukia, na huyo ndiye asahauliwaye katika mjadala wote. Ni mwenye duka la Kariakoo aliyeandika bei ya kweli kwa spika zilezile. Baada ya kulipa dola 4,750 hawezi kuuza kwa gharama ya kamati iliyolipa 1,425, na wala hakuna waziri aliyemwekea tofauti hiyo ya 3,325. Amewekewa na jirani yake. Mwaka ujao atachagua kati ya kufunga na kujifunza kudanganya. Anayedhani kwamba ameikwepa serikali dhalimu amemdhulumu mtu wa mtaa wa pili, pengine wa safu moja naye katika sala.

Kuna jibu ambalo wafanyabiashara hulitoa kwa uchungu, na nalikubali nusu yake. Wanasema afisa haamini ankara yoyote: ukiandika 10,000 atapandisha hadi 14,000, kwa hiyo unaandika 6,000 ili mwisho wa mvutano mkutane kwenye ukweli. Sheria haiko hivyo. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu uthaminishaji, ambao sheria ya forodha ya Jumuiya imeufuata, unaweka bei iliyolipwa kweli kuwa msingi wa kwanza. Afisa mwenye shaka anapaswa kuuliza na kueleza sababu, na mwenye mzigo ana haki ya kukata rufaa. Idara inayopandisha thamani bila kueleza nayo inashuhudia uongo, tena kwa mhuri. Waliofunga maduka Kariakoo Mei 2023 na tena Juni 2024 walikuwa na malalamiko ya kweli kuhusu namna kodi inavyotozwa. Ila tazama nguvu ya kufunga duka mchana ilitoka wapi: ilitoka katika kusema hadharani kile wanachopinga. Mwenye ankara ya pili hana sauti hiyo. Hawezi kwenda kwenye rufaa, kwa kuwa faili lake halistahimili kufunguliwa, na afisa mla rushwa anamhitaji kuliko anavyomhitaji mlipaji mwaminifu. Dhuluma anayoilalamikia inaishi kwa siri yake.

Kwamba vyombo ni vya kumtukuzia Mungu hakubadilishi kitu, isipokuwa kunaongeza aibu. Taasisi ikidhani inastahili msamaha wa kodi, na iombe kwa jina lake na idadi yake ya spika.

Swali gumu linabaki kwa kamati ambayo mzigo wake ulitoka bandarini miaka miwili iliyopita na tayari unatumika kila wiki. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, aliahidi kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu, lakini yeye aliweza kuwajua. Hapa nusu ya haki ni ya hazina na nusu ni ya wauzaji ambao hakuna atakayewataja kwa majina. Sehemu ya hazina inahesabika hadi senti, na kamati inaweza kuiandika katika vitabu vyake kuwa deni, ikalisoma mbele ya waumini wakati wa taarifa ya fedha, kisha ikaenda forodhani kuuliza namna ya kulilipa. Sehemu ya wauzaji haina njia ya kurudi, na kamati italazimika kuwaeleza hilo nalo waumini waliochanga.