Maradhi Hayangoji Mchango

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, Mwenye kuponya, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu zetu Waislamu, kila mmoja wetu amekwisha kuliona jambo hili kwa macho yake. Imamu akisha kutoa salamu siku ya Ijumaa, kabla watu hawajavaa viatu, husimama mtu mlangoni mwa msikiti, mkononi ana karatasi ya daktari, na haya zimemwinamisha kichwa. Husema kuwa mgonjwa wake yuko hospitali, na hospitali yataka kiasi kadha wa kadha. Basi watu hutia mikono mifukoni, huyu akatoa hamsini na huyu mia, kisha wakenda zao kula. Nasi twadhani kuwa wajibu wetu umekwisha.

Siku si nyingi zilizopita alisimama hivyo kijana mmoja tumjuaye, kwa ajili ya mama yake aliyetakiwa kupasuliwa. Alisimama Ijumaa tatu. Ijumaa ya nne hakusimama, kwani mama alikufa siku ya Jumatano. Na yaliyofuata ndiyo yaliyotushikisha kalamu. Siku ile ile ya maziko, kabla ya Magharibi, mchele ulipatikana, na mbuzi wakapatikana, na samli ikapatikana, watu wakala siku tatu. Aliyetoa mia mlangoni mwa msikiti alitoa elfu tano jikoni mwa matanga. Ilipopigwa hesabu, chakula kilizidi gharama ya kupasuliwa.

Twauliza: ni dini gani iliyotufundisha kuwa pilau ya matanga ina haki juu yetu kuliko mgonjwa aliye hai? Sunna ni majirani kuwapelekea wafiwa chakula, wala si wafiwa kuwalisha majirani. Sisi tumeigeuza sunna juu chini, na mgonjwa tumemwacha.

Hatusemi kuwa watu wetu ni mabakhili. La hasha! Watu wa pwani mikono yao i wazi. Kosa letu ni kuwa twatoa wakati umekwisha kupita, na twatoa kwa kuombwa. Fedha zinazongoja kuombwa humvunjia mtu heshima yake, na maradhi hayangoji.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameteremsha na dawa yake, akatuamrisha tujitibu. Amri hiyo haikuwajia matajiri peke yao. Na katika vita vya Khandaki, Saad bin Muadh alipopigwa mshale, Mtume aliamrisha awekwe katika hema ndani ya msikiti, apate kumzuru kwa karibu. Hema hilo lilikuwa la bibi Rufaida, aliyekuwa akiwauguza majeruhi kwa kutaka radhi za Mungu. Tazameni basi! Mgonjwa wa zama zile aliingizwa ndani ya msikiti. Mgonjwa wetu sisi huombewa mlangoni.

Waliokuja baadaye walilifahamu somo hili. Mwaka 1154 Nuruddin Zangi alijenga hospitali katika mji wa Dameski. Miaka mingi baadaye amiri mmoja, jina lake Qalawun, aliugua akiwa Dameski, akatibiwa kwa dawa za hospitali hiyo, akaweka nadhiri kuwa Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Alipokuwa Sultani wa Misri alitimiza nadhiri, na mwaka 1284 hospitali yake ilisimama mjini Kairo. Akaiwekea wakfu wa milki nyingi, na mapato yake yakalipa matabibu, na dawa, na chakula cha wagonjwa. Sharti la wakfu lilikuwa apokewe mwanamume na mwanamke, tajiri na masikini, mwenyeji na mgeni, akae mpaka apone. Hapana aliyedaiwa fedha mlangoni, kwa kuwa fedha zilikwisha kutolewa kabla yeye hajaugua. Na hii, ndugu zetu, ndiyo siri ya jambo lote.

Leo siri hii wameishika watu wengine. Katika mji mdogo wa Tredegar, nchi ya Wales, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakikatwa sehemu ndogo ya mshahara wao, ikatiwa katika chama chao, na chama kikawalipa madaktari. Aneurin Bevan alizaliwa katika mji huo, mwana wa mchimbaji, na yeye mwenyewe alichimba. Alipokuwa Waziri wa Afya wa Uingereza aliuchukua mfano wa mji wake akaueneza nchi nzima, na tangu tarehe 5 Julai 1948 mgonjwa wa huko hutibiwa bila ya kuulizwa fedha, kwani hazina ya serikali imekwisha kulipa. Thailand haikuwa nchi tajiri ilipotunga sheria yake mwaka 2002; mgonjwa alilipa bati 30 tu kila aendapo kutibiwa, na zilizobaki zikawa juu ya serikali. Rwanda jirani zetu, baada ya msiba wao mkubwa wa mwaka 1994, walianza kuvijaribu vyama vya kusaidiana matibabu mwaka 1999, kisha wakavieneza nchi nzima. Kila nyumba hutoa mchango wake, na walio masikini kabisa hutolewa na wengine. Na kila kijiji kina wahudumu wake wa afya, waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe.

Hatusemi kuwa nchi hizo zimekamilika. Huko Uingereza wako wanaongoja miezi mingi kupasuliwa. Lakini itazameni na Marekani, ambayo kwa kila kichwa cha mtu hutumia fedha za matibabu kuliko nchi nyingine kubwa yoyote. Hata hivyo mamilioni ya watu wake hawana bima, na wengi huingia madeni kwa sababu ya ugonjwa. Kwa hivyo wingi wa mali peke yake hautoshi. Panatakiwa mpango, na mpango huo utangulie maradhi.

Ama katika nchi yetu ya Kenya, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya afya, na imekataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa NHIF, ulioanza mwaka 1966, ulipisha mpango mpya wa SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara hukadiriwa uwezo wake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Malalamiko juu ya mpango huu ni mengi, na yenye haki yapaswa kusemwa mbele ya wakubwa bila ya woga. Lakini kulalamika hakutuondolei wajibu wetu. Mvuvi na mchukuzi na mama muuza mahamri hawajui kesho watapata nini. Kwao 3,600 ni mzigo. Kwa mtaa mzima si kitu.

Wako watakaosema: bima ni haramu. Twawajibu kuwa wanavyuoni wamepambanua. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jedda mwaka 1985 liliikataza bima ya biashara, na likaikubali ile ya kusaidiana, ambayo watu hutoa kwa nia ya kutaawuniana, si kwa kutaka faida. Asiyetulia moyo na aulize wenye elimu. Lakini asiifanye fatwa kuwa pazia la kuuficha mkono wake.

Basi nasaha zetu ni hizi. Kwanza, kila msikiti uandike daftari la nyumba za masikini wa mtaa wake, na wenye uwezo wazilipie michango yao mwanzo wa mwaka, kwa siri, pasi na kumsimamisha mtu mbele za watu. Na daftari la mapato na matumizi lisomwe kila mwezi, bila ya kutaja majina ya wanaosaidiwa, kwani mali isiyohesabiwa hadharani huzaa dhana mbaya. Pili, mwenye duka au nyumba ya kupangisha na afikirie kuweka wakfu kwa ajili ya wagonjwa. Tumezoea kuwakifia misikiti, na ni jambo jema. Lakini mgonjwa wa Faza au Kizingitini hupanda mashua kabla ya kuifikia hospitali ya Lamu, na pengine hupelekwa tena mpaka Mombasa. Nauli hiyo nayo yaweza kuwa wakfu. Tatu, tuache israfu za matanga, na tumpeleke mgonjwa kwa daktari siku za mwanzo. Wangapi walicheleweshwa nyumbani kwa hirizi na kwa kusingizia majini, hata walipofika hospitali ugonjwa umekwisha kuota mizizi? Dua ni ibada, na dawa ni amri ya Mtume. Mwenye akili hushika zote mbili.

Kijana yule bado huswali nasi. Hatukumsikia kumlaumu mtu, na kunyamaza kwake kwatuuma kuliko lawama. Lau tungalilifanya mwaka mmoja kabla jambo hili tunaloliandika leo, mama yake angalipasuliwa kwa wakati wake. Na uhai na mauti yangalibaki mikononi mwa Mungu, nasi tungalikuwa na udhuru mbele Yake. Sasa hatuna udhuru.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama huyo, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe wenye kutenda kabla ya kuombwa. Amin.