Sweta Iliyofumuliwa Ni ya Nani?

Mtu akikupa kitu, kinakuwa chako lini? Siku unapokipokea, au siku aliyekupa atakapoacha kukiulizia? Swali hili limezuka kwetu Kinanira kwa sababu ya mtandio, na limegawanya watu ambao kawaida wanachekeana.

Mambo yenyewe ni haya. Kikundi chetu cha vijana, wengi wao Wakongomani, kinajifunza kufuma. Shirika moja lilikuwa limegawa sweta nzito za watu wazima. Sasa msomaji unayeijua Bujumbura, unajua mji uko chini, kama mita 770 na kitu juu ya bahari, kando ya Ziwa Tanganyika, na mwezi wa tisa hata shuka ni mzigo. Dada mmoja wa miaka 17 akavaa sweta yake mara moja, jasho likamtoka, akaivua, akaifumua yote. Kwa uzi ule akafuma mtandio mwepesi wa jioni, saa ile upepo wa ziwani unapoanza.

Kazi ya mtandio si ngumu, ndiyo maana wanaoanza tunawaanzishia hapo. Kabla ya kufumua unageuza sweta ndani nje uangalie mishono ya ubavuni. Kama kitambaa kimekatwa kwa mkasi kikashonwa kwa mashine, acha, utatoka na vipande vipande tu. Kama kingo ni nzima, fungua mshono, halafu anza kuvuta upande wa shingoni, maana nyingi zimefumwa kuanzia chini. Uzi unauzungushia mgongo wa kiti, unaufua, unauanika na kitu kizito kimening'inia chini ili ule mkunjo unyooke. Wa yule dada ulikuwa wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, akazitenganisha kwa subira ambayo mimi sina. Sindano je? Spoki ya baiskeli ni nyembamba mno, kitambaa kinakuwa kigumu kama mkeka. Wepesi unatoka kwa uzi mwembamba na sindano nene, kwa hiyo tunachonga mianzi na kuipiga msasa. Vitanzi vitatu vya kuanzia. Kila mstari: fuma kimoja, zungusha uzi mara moja juu ya sindano, fuma vilivyobaki mpaka mwisho. Basi. Kila mstari unaongeza kitanzi kimoja, na pembetatu inapanuka yenyewe mpaka ifunike mabega. Mwishoni unafunga vitanzi kwa mkono mlegevu, la sivyo ukingo unavuta.

Akaja mfanyakazi wa shirika kupiga picha za sweta zikiwa zimevaliwa. Alipouliza ya yule dada iko wapi, akaonyeshwa mtandio. Hakufoka. Alisikitika tu, akasema waliozitoa waliamini zitavaliwa. Mama wa yule dada akajibu kwa Kiswahili cha kwetu Bukavu: "Sasa iyi triko ni yetu, ao ni yabo?"

Lile neno la kuamini silidharau. Lugha yetu ina amana na ina zawadi, na hayo ni mambo mawili. Jirani akikuwekea amana, hata kama ni sufuria iliyotoboka, huna ruhusa ya kuiziba bila kumuuliza. Utairudisha vile ilivyokuja. Zawadi inatoka mkononi mwa mtoaji na kwenda zake. Shida ya msaada ni kwamba unatolewa kama zawadi, halafu unachungwa kama amana. Siku ya kugawa tunatia sahihi, au dole gumba, kwamba tumepokea. Sijawahi kuona karatasi ya kusema tumetunzishwa. Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 13, unataka mkimbizi apewe haki ya kupata mali isiyopungua ya mgeni mwingine yeyote aliye katika hali kama yake. Hausemi mali hiyo ije na jicho juu yake.

Lakini nisiende mbio. Kuna wenzangu wanaosema: basi kila mtu afanye anavyotaka na alichopewa. Hapo nakataa. Tazameni chandarua. Kwenye Ziwa Tanganyika kuna wanaovulia samaki kwa chandarua cha mbu, na matundu yake ni madogo mno, yanazoa hata vifaranga vya samaki. Aliyekifanya wavu naye alipewa, naye ana njaa yake, simcheki. Ila mtoto wake analala na mbu, na samaki ambao wangekua kwa ajili ya wote wamekwisha kabla ya kukua. Kosa hapo si kwamba hakumtii mtoaji. Kuna mtu mwingine anayelipa, na hakuulizwa. Kwa hiyo mama wa kambini anayeuza maharagwe kidogo anunue sabuni, mimi simwiti mwizi. Anayejiandikisha mara mbili mpaka wa mwisho kwenye mstari akose, huyo nina neno naye. Maswali yetu mengi tunayapeleka kwa mtoaji aliye mbali, kumbe wa kuulizwa ni aliyesimama nyuma yako.

Kwa kipimo hicho hicho, yule dada hayuko salama kabisa. Kijana mmoja wa kikundi alimbana vizuri: Bujumbura ni joto, sawa, lakini Gasorwe kule Muyinga ni milimani, usiku kuna baridi, na ndugu zetu wapo kambini. Sweta hiyo ungempa mtu wa kule. Dada akasema nauli hana, na aliyeleta sweta Kinanira alikuwa na gari. Jibu zuri, tukacheka, lakini halikumtosha hata yeye mwenyewe. Ana shangazi Gasorwe. Uzi ulikuwa umebaki wa kutosha mtandio wa pili, akasema huo ni wa shangazi.

Eti mtandio wenye matundu kwa baridi ya Muyinga! Kijana hakumwachia. Basi Jumamosi iliyopita amefumua mistari 20 aliyokuwa ameshaifuma, ameunganisha tena zile nyuzi mbili alizotenganisha, na ameomba zile spoki tulizozikataa.