Tunachangia sanda, dawa tunamwachia nani?

Liko jambo limekuwa la kawaida misikitini kwetu. Baada ya swala ya Ijumaa imamu anatangaza msiba, na kabla watu hawajavaa viatu sanda imepatikana na gari la kupeleka maiti Usa River limelipiwa. Alhamdulillah, hiyo ni faradhi kifaya. Lakini marehemu huyo huyo, wiki mbili kabla, alikuwa amelala Ngarenaro au Unga Limited akihesabu nauli na pesa ya vipimo, na hakuna aliyemchangisha.

Uchangiaji wa gharama hospitalini ulianza nchini mwaka 1993. Serikali ikasema asiye na uwezo asamehewe, na kadhalika wajawazito na watoto chini ya miaka 5. Kwa mtoto na mjamzito mambo ni mepesi, yanaonekana kwa macho. Umasikini je? Fukara amekuwa akitakiwa apate barua ya serikali ya mtaa, aonane na afisa ustawi wa jamii, ajieleze. Mpangaji aliyehamia juzi, mwenyekiti hamjui. Mwingine anaona haya. Na mgonjwa hasa hana nguvu ya kuzunguka maofisini, basi anaishia duka la dawa kununua nusu dozi.

Qur'an Tukufu, Suratut Tawba aya ya 60, imetaja makundi 8 ya wanaostahiki zaka. Mafukara na masikini wametangulia, na wenye madeni wamo. Mgonjwa anayedaiwa hospitali ni nani kama si hao? Waliotutangulia walilielewa hili. Hospitali ya Sultan Qalawun mjini Cairo, iliyojengwa mwaka 1284, iliendeshwa kwa waqfu, na masikini alitibiwa bure.

Sisemi tujenge hospitali kesho (wengine hata vyoo vya msikiti vinatushinda). Nasema kadi. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu 6 ilitakiwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Msiba mmoja unapita hapo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeweka mfuko wa kuwagharamia wasiojiweza, ila lazima kwanza watambuliwe. Nani anawajua kuliko wanaoswali nao safu moja? Kamati ya msikiti ifungue daftari, iandike kaya hizo kimya kimya, bila majina kutajwa kwenye kipaza sauti, na iwasindikize kwa mwenyekiti wa mtaa wakiwa bado wazima. Wajane wasiofika msikitini waulizwe kwa akina mama wenzao wa madrasa, maana hao ndio tunaowasahau kila mara.