Anayeanza Hana Mzani

Vijana wangu mnaoandika programu, ninyi mliokwisha kuvuka miezi ya kwanza ya kuhangaika na sasa mnaulizwa maswali na wanaoanza, nina neno nanyi. Nawaona usiku kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram mkiwajibu watu msiowajua hata sura, bila malipo. Ni jambo la heshima, na wengi wenu mnalifanya kwa moyo safi. Lakini kujibu ni amana, na kuna jambo moja mnalisahau. Mkongwe akipewa majibu kumi hutupa tisa akabaki na moja. Anayeanza hawezi, kwa sababu hana mzani wa kupimia. Jibu la anayejua na jibu la anayebahatisha kwake yanafanana, na mara nyingi hushika lile lililoandikwa kwa kujiamini zaidi. Kwa hiyo neno lako lina uzito mkubwa kwake kuliko unavyodhani unapolituma ukiwa kwenye matatu, kidole kimoja kikiandika.

Chukueni kisa ambacho mtengenezaji yeyote wa Kenya atakitambua. Kijana anatengeneza duka la mtandaoni na anataka wateja walipe kwa M-Pesa. Anajisajili kwenye Daraja, ule mlango ambao Safaricom imewafungulia watengenezaji wa programu, anaandika msimbo wa STK push, na kidirisha cha kudai PIN kinatokea kwenye simu. Anafurahi. Kisha analeta swali kundini: "Wakuu, STK push inakuja vizuri, lakini hifadhidata yangu haionyeshi kama mtu amelipa. Nifanyeje?"

Majibu yanamiminika. Mmoja anasema, "Soma nyaraka." Wa pili anasema, "Achana na PHP, hamia Node." Wa tatu anatuma vikaragosi vya kucheka. Wa nne, ambaye ndiye ninayemhofia kuliko wote, anajibu kwa upole kabisa: "Angalia jibu linalorudi pale pale kutoka Daraja. ResponseCode ikiwa 0, andika kwamba amelipa." Kijana anajaribu, inakubali, anashukuru, na mazungumzo yanahamia kwenye mpira.

Jibu hilo lina sumu. Ile 0 ya mwanzo inasema tu kwamba ombi limepokewa. Mteja bado hajagusa PIN yake. Anaweza kughairi, anaweza kukosa salio, simu inaweza kuzimika. Matokeo yenyewe huja baadaye kidogo, pale Daraja inapoyatuma kwenye anwani uliyoitaja katika ombi lako. Humo ndimo mna ResultCode: 0 ikiwa fedha zimehama, 1032 ikiwa mteja ameghairi. Duka la kijana yule sasa litatoa mzigo kwa kila anayeghairi, na mwenyewe hatajua, maana kwenye majaribio aliingiza PIN kila mara na kila mara mambo yalionekana sawa. Atakayegundua ni mwenye duka, siku ya kufunga hesabu, mzigo umekwisha kwenye rafu na fedha hazipo kwenye simu.

Tena swali lenyewe lilikuwa na jibu fupi. Laiti mmoja angemuuliza, "Umeweka anwani gani ya kupokelea majibu?", kijana angerudi kwenye faili lake na kukuta bado ipo ile anwani ya mfano aliyoinakili pamoja na msimbo wa mfano. Majibu ya malipo yanapelekwa kwenye mlango usio wake. Hapo ungemweleza kwamba Safaricom haiwezi kubisha hodi kwenye kompyuta yake ya nyumbani, kwamba anahitaji anwani ya https inayofikika kutoka nje, na kwamba wakati wa majaribio kuna vyombo kama ngrok vya kumpatia anwani ya muda. Kisha ungemwambia jambo la mwisho, ambalo naliona bora kuliko yote: "Ukishaiweka, jaribu kughairi kwa makusudi uone kinachorudi." Akiiona 1032 kwa macho yake mwenyewe, hahitaji tena kukuamini wewe wala yule wa nne. Ameanza kupata mzani wake.

Ndiyo maana nasema uliza kabla ya kujibu. Anayeanza mara nyingi haulizi tatizo lake. Anauliza kuhusu ile njia aliyodhani itamtoa kwenye tatizo, na tatizo lenyewe hajalitaja. Mwambie akuonyeshe alichofanya, alichotarajia na kilichotokea. Mwombe ujumbe wa kosa wote ulivyo, kwa maandishi, badala ya picha iliyopigwa kwa simu huku nusu ya skrini imemezwa na mwanga wa taa. Simon Tatham, aliyeandika PuTTY, alieleza mwaka 1999 kwamba shabaha ya kwanza ya anayeripoti hitilafu ni kumwezesha mtengenezaji aione kwa macho yake. Anayeanza hajui hilo bado, na hakuna aliyezaliwa akilijua. Mfundishe kwa kumwomba unachohitaji na kumweleza kwa nini unakihitaji. Ukimkaripia kwa kuuliza vibaya, kesho ataacha kuuliza, na vibaya vyake vitabaki palepale.

Msaidie pia na lugha. Ujumbe wa makosa huja kwa Kiingereza, na wengi wakiuona umejaza skrini huingiwa na hofu, wakaunakili bila kuusoma. Kwa Python, mwambie aanzie mstari wa mwisho kabisa: huo ndio unaotaja kosa, na mistari iliyo juu yake inaonyesha njia programu iliyopita hadi kufika hapo. Mtafsirie mstari huo mmoja kwa Kiswahili alichoulizia, hata kama alikichanganya na Sheng. Hana haja ya kuona haya kwa lugha yake ili apate kujifunza kazi.

Jihadharini sana na majibu yanayofanya kazi papo hapo. Seva inakataa kuandika faili, unamwambia chmod 777. Cheti cha usalama kinaleta kero, unamwambia azime ukaguzi wake. Nywila zinahitaji kufichwa, unamwambia atumie MD5. Yote yatakubali, na kwa kuwa yamekubali hatarudi tena kuyaangalia. Amefungua faili zake kwa kila mtumiaji wa seva ile, ameruhusu mawasiliano yake yasikilizwe njiani, ameweka nywila za watu mahali ambapo mwizi atazifumbua kwa muda mfupi. Mjuzi akitumia njia ya mkato hukumbuka kwamba ni njia ya mkato. Anayeanza ataidhani barabara kuu na kuwafundisha wengine.

Majibu nayo huchacha. Bado naona vijana wanapewa mysql_query, kazi ambayo PHP iliiondoa kabisa lilipotoka toleo la 7 mwezi Desemba 2015, na pamoja nayo ule mtindo wa kuunganisha alichoandika mteja moja kwa moja ndani ya amri ya SQL. Kwa mtindo huo, mtu akiandika alama moja ya nukuu na maneno machache kwenye kisanduku cha jina, anaweza kuingia bila nywila. Kabla hujamtumia mtu kiungo cha somo ulilojifunzia wewe, lifungue kwanza uone liliandikwa lini.

Na sasa kuna jaribu jipya. ChatGPT ilitoka mwishoni mwa Novemba 2022, na haikupita hata wiki moja, Stack Overflow ikapiga marufuku majibu yaliyotungwa nayo, kwa sababu yalionekana mazuri, yalikuwa rahisi kuyamwaga kwa wingi, na mengi yake yalikuwa na makosa. Mashine zimeboreka tangu hapo, lakini hoja imebaki. Kijana aliyekuja kwako angeweza kuiuliza mashine mwenyewe, na huenda ameshaiuliza. Alichofuata kwako ni mtu aliyewahi kuliendesha jambo hilo akaona linavyokwenda. Usimbandikie msimbo ambao hujauendesha. Kama hujui, sema hujui, au kaa kimya mwenye kujua ajibu. Kimya hakijamharibia mtu duka.

Nije kwenye dhihaka, maana hapa ndipo napata uchungu. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna kati yenu aliyewahi kumwandikia mtu "acha kuandika programu". Mnaandika "Hili nalo swali?", mnaandika "Mbona ni rahisi", mnatuma vikaragosi vya kucheka. Yule mtu hajibu, na baada ya wiki mbili hayumo tena kundini. Wapo wanaosema ukali ndio hukomaza, na humtaja Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux mwaka 1991 na kujulikana kwa barua pepe zake za matusi. Wamalizie basi na habari yenyewe: Septemba 2018 Torvalds aliomba radhi hadharani, akasema anajitenga na kazi kwa muda ili apate msaada wa kuelewa hisia za watu, na mwezi huo huo mradi wa Linux ukapokea kanuni za maadili. Wengi aliowafokea walikuwa wahandisi waliobobea, wenye mishahara na majina. Wewe unamfokea mtu wa wiki ya tatu anayejifunza kwenye simu, kwa bando la shilingi hamsini. Mwaka huo huo, mwezi Aprili, Stack Overflow walikiri wenyewe kwa maandishi kwamba wengi wanaiona jamii yao kuwa ya uhasama na majivuno, hasa wanaoanza, wanawake na watu wasio weupe. Hao wa mwisho ni sisi. Tusije tukajengeana wenyewe kwa wenyewe nyumba ile ile tuliyofungiwa mlango.

Wala sisemi mmdanganye. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Akileta kazi yenye kasoro itakayoumiza watu, kama fedha zinazoweza kupotea au siri za wateja zilizo wazi, mwambie waziwazi siku hiyo hiyo na umweleze mwizi atapitia wapi. Lakini teua. Ukimtajia makosa ishirini, majina ya vigeu na nafasi za mistari na folda na lile la usalama humo humo, ataanza na lililo rahisi, na la usalama litabaki la mwisho. Google, katika mwongozo wake wa kukagua msimbo uliowekwa wazi kwa umma, huwashauri wakaguzi waweke alama kwenye maoni madogo ili mwenye kazi ajue kwamba si ya lazima. Mnaweza kufanya hivyo kwa Kiswahili cha kawaida: "Hili ni dogo, ukitaka liache." Suala la lugha gani ni bora, PHP au nyingine, liacheni kabisa isipokuwa ameuliza. Mtu anayezama kwenye kitanzi cha Python hajakuomba ahamishiwe JavaScript.

Msichana akiuliza swali, mjibuni pale pale, mbele ya wote, kama mnavyomjibu mvulana. Msimfuate faraghani na "nicheki nikusaidie". Mnajua ninachosema, na mkikiona kwa mwenzenu mkemeeni. Sababu ya kumfuata mtu faraghani ni moja tu, na haina jinsia: pale alipoweka siri hadharani bila kujua. Hutokea sana. Anabandika msimbo wake wote, na humo mna consumer key na consumer secret za Daraja, au nywila ya hifadhidata. Hapo usilitangaze kundini, kwa kuwa utawaonyesha na wale ambao hawakuwa wameona. Mwandikie pembeni afute ujumbe, kisha abadilishe funguo hizo mara moja. Kama aliziweka GitHub, mweleze kwamba kufuta faili hakutoshi, maana historia ya Git inahifadhi kila kitu. Funguo zikishaonekana zihesabiwe zimeibwa. Swali aliloleta litangoja hadi amalize hilo.

Na ukishamjibu mtu, rudi kesho yake umuulize kama ilikubali. Ikiwa haikukubali, endeleeni pale mlipoachia. Ikiwa utagundua jibu lako halikuwa sahihi, lisahihishe hapo hapo kundini ulipoliandika, chini ya ujumbe ule ule, kwa kuwa yule aliyeuliza alikuwa mmoja, na waliolinakili kimyakimya huwajui.